Mwimbaji Yuko Wapi? Historia Fupi ya Roki Nzito Isiyo na Maneno



Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya gazeti letu la mwaka huu, hapana shaka alitazamia kwamba nitaandika juu ya ujenzi wa bwalo, au juu ya timu yetu ya mpira na vikombe ilivyovileta nyumbani. Hayo wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nina deni, na nimeona nililipe hapa hapa mbele ya watu, kwa kuwa kosa lenyewe nililitenda mbele ya watu.

Mliohudhuria mkutano wetu uliopita mtakumbuka jioni ile bwaloni. Baada ya chakula, bendi ya wanafunzi ilipanda jukwaani. Walikuwa vijana watatu tu: mmoja na gitaa la solo, wa pili na gitaa la besi, na wa tatu nyuma ya dramu. Wakaanza kupiga. Muziki ulikuwa mzito, wa mwendo wa pole, kama lori lililojaa mawe linalopanda mlima kwa gia namba moja. Tukangoja mwimbaji atokee. Dakika zikapita, hakutokea. Ndipo sauti moja kutoka meza za nyuma ikauliza kwa nguvu, "Mwimbaji yuko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Sauti nyingine ikaongeza kwamba debe tupu haliachi kuvuma, tukacheka tena. Vijana wakamaliza kile kipande, wakainamisha vichwa kwa adabu, wakashuka. Walikuwa wameandaa vipande vinne. Sisi tulisikia kimoja.

Sauti ile ya kwanza ilikuwa yangu.

Kesho yake asubuhi, tulipokuwa tukiagana, mwalimu mlezi wa klabu ya muziki alinifuata penye mabasi. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Mzee, jana uliuliza swali zuri. Mwimbaji wetu alihamishiwa shule nyingine wiki tatu kabla ya mkutano. Vijana walitaka kujitoa, nami nikawapa hii waisikilize." Akanikabidhi flashi ndogo ya kuhifadhia muziki. Ndani yake palikuwa na albamu moja, iitwayo Wild, Wonderful Purgatory, iliyotolewa mwaka 1999 na kundi la Marekani liitwalo Karma to Burn.

Nilipofika nyumbani nikaisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, na siku ya pili nikairudia. Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya historia ya muziki huo. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa ajili ya wale vijana watatu, na kwa ajili yetu tuliowacheka.

Albamu yenyewe

Albamu hii hupigwa na watu watatu: Will Mecum kwenye gitaa, Rich Mullins kwenye besi na Rob Oswald kwenye dramu. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta, wala hakuna anayeimba. Hata majina ya nyimbo yameondolewa maneno, kwani kila wimbo umepewa namba tu, na namba zenyewe hazifuatani. Msikilizaji hapewi hata jina la wimbo ajishikizie. Anachopewa ni sauti.

Mtu aweza kuuliza, je, wimbo usio na ubeti wala kiitikio husimama kwa nguzo gani? Nguzo yake ni kibwagizo cha gitaa, yaani kipande kifupi cha sauti chache ambacho hupigwa, kikarudiwa, kisha kikarudiwa tena. Besi hukifuata kile kibwagizo sauti chini, na kwa kukifuata hukifanya kinenepe. Dramu ndiyo husimulia. Kibwagizo kikiwa kile kile, mpiga dramu hubadilisha mapigo chini yake, na mara msikilizaji huhisi kwamba amefika mahali pengine ingawa gitaa halijahama. Halafu, wakati sikio limezoea, kibwagizo cha pili huingia, na hapo mtu hushtuka kama vile mlango umefunguliwa. Nyimbo nyingi ni fupi, za dakika chache tu, na hazipotezi muda.

Ukiisikiliza kwa makini utatambua kwamba albamu hii, ingawa ni ya mwaka 1999, masikio yake yako miaka ya mwanzo ya 1970. Ule uzito na zile sauti za chini zinazonguruma zina baba yao. Na kumjua baba huyo sina budi kuwapeleka Uingereza, katika mji wa viwanda wa Birmingham.

Wanafunzi wa zamani wa shule moja

Katika mji wa Birmingham, kwenye mtaa wa Aston na jirani zake, walikulia vijana wanne baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mji ulikuwa umepigwa mabomu wakati wa vita, na kazi iliyokuwapo kwa mtoto wa maskini ilikuwa kazi ya kiwandani. Majina yao ni Tony Iommi, mpiga gitaa, Geezer Butler, mpiga besi, Bill Ward, mpiga dramu, na Ozzy Osbourne, mwimbaji. Huyu Ozzy, kabla ya kuwa mwimbaji, alipata kufanya kazi machinjioni, na pia katika kiwanda ambako kazi yake ilikuwa kurekebisha sauti za honi za magari.

Jambo litakalowafurahisha wasomaji wa gazeti kama hili ni kwamba Iommi na Ozzy walisoma shule moja ya sekondari, Birchfield Road. Iommi alitangulia darasa moja, na hawakuwa marafiki hata kidogo. Mwaka 1968, Iommi na Ward walipoona tangazo dukani la mwimbaji aitwaye Ozzy anayetafuta bendi, Iommi aliomba asiwe yule Ozzy wa shuleni. Walipogonga mlango, akatokea yule yule! Basi ndugu zangu, msimdharau aliyekuwa akiwaudhi bwenini. Hamjui mtakutana naye wapi.

Lakini kisa kikubwa kilikuwa kimetokea miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1965. Iommi alikuwa na umri wa miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kupiga muziki ng'ambo, na siku ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Adhuhuri alirudi nyumbani kula, akataka asirudi tena kiwandani. Mama yake akamwambia arudi akamalize kazi yake vizuri. Akarudi. Aliyezoea kuendesha mashine ya kukandamiza bati hakuwapo siku hiyo, basi Iommi akawekwa mahali pake. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia, naye alipouvuta, ncha za vidole viwili, kile cha kati na cha pete, zikabaki.

Iommi hutumia mkono wa kushoto. Maana yake ni kwamba mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi za gitaa. Vidole vilivyokatika vilikuwa ndivyo hasa vya kufanyia kazi. Madaktari walimwambia asahau gitaa.

Msimamizi wake wa kiwandani alimtembelea akiwa mgonjwa, akamletea santuri na kumwambia aisikilize. Iommi hakuwa na hamu ya kusikia gitaa la mtu mwingine, lakini aliisikiliza. Alipoisifu, ndipo akaambiwa kwamba yule mpigaji, Django Reinhardt, alipiga vile kwa vidole viwili. Reinhardt aliungua mwaka 1928 moto ulipoteketeza gari alilokuwa akiishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikawa havifai tena kwa kazi ya kawaida. Hata hivyo akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa waliopata kutokea Ulaya.

Iommi akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaiyeyusha, akafinyanga vifuniko viwili vya kuvika vidole vyake kama subana ya fundi cherehani. Juu yake akabandika vipande vya ngozi ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilikuwa nene na zikimuumiza, kwa hiyo akatumia nyuzi nyembamba za banjo. Kisha akajifunza upya, kwani kwa vifuniko vile hakuweza tena kuuhisi uzi. Ilimbidi aongozwe na sikio.

Kidole changu

Hapa nawaomba radhi niseme machache juu yangu mwenyewe.

Wenzangu wa miaka ya 1981 hadi 1984 wanakumbuka kwamba nilikuwa mpiga solo wa bendi ya shule. Mwaka 1986 nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Mashine ilikuwa imetolewa kinga yake ili kazi iende haraka, nami nikakubali kuiendesha hivyo hivyo. Ikachukua ncha ya kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto. Nilipopona nilijaribu gitaa mara moja tu. Uzi wa kwanza ulinichoma kama moto. Juma lile lile nikaliuza gitaa kwa bei ya kutupa, na kwa miaka karibu arobaini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kiwanda kilininyang'anya muziki.

Sasa mtaelewa jinsi nilivyosoma habari za Iommi. Sikuzisoma kwa furaha. Nilizisoma kama mtu aliyeshikwa na uongo. Ni kweli kiwanda kilichukua ncha ya kidole, lakini gitaa nililiuza mwenyewe. Na pengine, jioni ile bwaloni nilipowaona vijana wamepungukiwa na mtu wao muhimu na bado wakapanda jukwaani, kitu fulani ndani yangu kiliudhika, nacho kikapiga kelele kabla sijakizuia.

Nyuzi zilizolegezwa

Tuendelee na historia. Vijana wale wanne walijiita kwanza Polka Tulk, kisha Earth, na mwaka 1969 wakachukua jina la Black Sabbath. Albamu yao ya kwanza, yenye jina hilo hilo, waliirekodi London mwezi Oktoba 1969 kwa siku moja tu, kama vile wanavyopiga jukwaani. Ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Wahakiki wengi waliiponda. Wanunuzi hawakuwasikiliza wahakiki, na albamu ikafika nafasi ya 8 katika orodha ya Uingereza. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, wakatoa Paranoid.

Katika albamu ya tatu, Master of Reality ya mwaka 1971, Iommi alifanya jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Katika baadhi ya nyimbo alizilegeza nyuzi za gitaa nusu-toni tatu chini ya kawaida. Uzi uliolegea haukazi sana, kwa hiyo ni rahisi kuubana na kuuvuta kwa kidole kilichoumia. Lakini uzi uliolegea una tabia nyingine pia: sauti yake hushuka, ikawa pana na yenye kunguruma. Butler naye akailegeza besi yake ili wafuatane. Hapo kikazaliwa kishindo ambacho hakikuwapo kabla, na kilichoanza kama njia ya kupunguza maumivu kikageuka kuwa mtindo unaoigwa na watu wenye vidole kumi kamili.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Black Sabbath, pamoja na kuwa na mwimbaji mashuhuri, hawakuona haya kumnyamazisha. Katika Paranoid mna kipande kiitwacho Rat Salad ambacho hakina maneno. Katika Master of Reality mna viwili, Embryo na Orchid. Mbegu ya albamu isiyo na mwimbaji ilikuwa tayari ardhini.

Urithi unasambaa

Kutokana na sauti hiyo ya chini na mwendo wa pole kulitokea tawi zima la muziki ambalo wenyewe hulitaja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kiama. Mimi nitaliita roki ya kiama. Wakati ambapo vijana wengi wa roki miaka ya 1980 walikuwa wakishindana kwa kasi, hawa walishindana kwa uzito. Kundi la Saint Vitus la Los Angeles, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1984, lilichukua jina lake kutoka wimbo wa Black Sabbath. Huko Sweden kundi la Candlemass lilitoa mwaka 1986 albamu iitwayo Epicus Doomicus Metallicus, na neno hilo la kiama limo ndani ya jina lenyewe.

Afrika nayo haikuwa kiziwi. Jirani zetu wa Zambia, hasa katika miji ya migodi ya shaba, walikuwa na roki yao ya magitaa mazito tangu mwanzo wa miaka ya 1970, nao wakaiita Zamrock. Kundi la WITCH, ambalo mwimbaji wake Emmanuel Jagari Chanda alikulia mji wa Kitwe, lilitoa albamu yake ya Introduction mwaka 1972. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwaambia vijana wetu kwamba muziki huu hauhusiani na bara hili.

Hatua ya kumwondoa mwimbaji kabisa ilichukuliwa na wengi kwa njia mbalimbali. Mwaka 1993 kundi moja la Marekani, kutoka jimbo la Washington, lilitoa albamu ya vipande vitatu virefu mno. Magitaa yananguruma kwa zaidi ya saa moja, na kimoja peke yake kina urefu wa nusu saa. Kundi hilo lilijiita Earth, na jina hilo halikuwa la bahati: ni lile jina ambalo Black Sabbath walikuwa wamelivua mwaka 1969. Mtoto alilikuta koti la baba, akalivaa.

Vijana wa milimani

Sasa tunaweza kurudi kwa Karma to Burn. Walitoka Morgantown, katika jimbo la West Virginia, nchi ya milima na makaa ya mawe. Wilaya ya Marion iliyo jirani na mji huo ina kumbukumbu mbili za huzuni. Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa Monongah ulilipuka na kuua watu 362 kwa hesabu rasmi, na hiyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote katika historia ya migodi ya Marekani. Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi wa Farmington nao ukalipuka, wakafa watu 78, na miili ya 19 kati yao haikupatikana kamwe. Sisemi kwamba muziki wa Karma to Burn ni mashairi ya migodi, maana hawakuandika mashairi. Nasema tu kwamba walikulia mahali ambapo watu wanajua uzito ni kitu gani.

Kwa miaka mingi bango la magari la West Virginia limebeba maneno ya kulisifu jimbo kuwa ni la porini na la ajabu. Wenyeji hawa walichukua sifa hizo mbili, na mahali pa jina la jimbo wakaweka neno lenye maana ya toharani. Ndiyo asili ya jina la albamu yao.

Kundi lilianza miaka ya katikati ya 1990, nalo lilipendelea kupiga bila mwimbaji. Lakini kampuni iliyowachukua kurekodi iliona kwamba bidhaa ya namna hiyo haitauzika, ikawataka wawe na mtu wa kuimba. Wakakubali. Akaletwa mwimbaji, Jay Jarosz, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka 1997 ikiwa na sauti yake. Haikuwa albamu mbaya. Ila wenyewe walijua kwamba walikuwa wamejibu swali la mtu mwingine, swali lile lile nililoliuliza mimi bwaloni.

Baada ya hapo mwimbaji akaondoka. Wangeweza kutafuta mwingine, nao hawakutafuta. Walirudi mazoezini watu watatu, wakazipa nyimbo namba, na mwaka 1999 wakatoa Wild, Wonderful Purgatory. Mwaka 2001 wakafuatiza na Almost Heathen kwa utaratibu ule ule. Hawakutajirika. Mwaka 2002 kundi likavunjika, kisha mwaka 2009 likarudi kazini. Will Mecum aliendelea nalo mpaka alipofariki mwaka 2021. Walipata kuimbiwa na waalikwa katika wimbo mmoja mmoja, lakini kinachokumbukwa na wapenzi wao ni zile namba.

Hapo ndipo nilipoona uhusiano wa Birmingham na Morgantown, ambao ni zaidi ya uhusiano wa sauti. Iommi alipungukiwa na ncha za vidole, na hakuzificha wala hakuacha gitaa. Alijenga njia ya kupiga iliyoanzia kwenye upungufu ule. Hawa wa Morgantown waliambiwa kwamba wana upungufu, wakaujaza kwa shauri la wengine, kisha wakagundua kwamba pengo lile ndilo lililokuwa sura yao. Wahenga walisema kabla hujafa hujaumbika. Mimi niliichukua methali hiyo kuwa onyo tu, kwamba mabaya yaweza kunipata. Sasa naiona pia kuwa ni ahadi, kwamba kazi ya kuumbwa bado inaendelea.

Je, tulikuwa na haki ya kucheka?

Mtu wa pwani hakuwa na haki. Vikundi vya taarabu vya Unguja huwa na bashrafu, yaani kipande cha vyombo vitupu ambacho hupigwa kabla waimbaji hawajaanza. Watu hukaa kimya wakausikiliza udi, kanuni na fidla vikizungumza, na hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi.

Wala mtu wa bara hakuwa na haki. Sisi tuliocheza dansi tunajua kwamba utamu wa muziki wa Kikongo huja pale waimbaji wanapokaa kando na sebene likaanza. Tulikuwa tukiyavumilia maneno ili tulifikie sebene! Tukasahau haya yote jioni moja, kwa kuwa magitaa ya vijana wetu yalinguruma badala ya kutekenya.

Tena ile methali ya debe tupu haikuwa mahali pake. Debe tupu huvuma kwa sababu halina kitu ndani. Muziki wa vijana wale ulikuwa na kitu ndani. Sisi ndio tuliokuwa tumeacha kufungua masikio.

Mwisho

Tarehe 5 Julai 2025, Black Sabbath wote wanne wa mwanzo walipiga pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, pale pale Aston walikoanzia. Ozzy aliimba akiwa ameketi, kwa kuwa maradhi yalikuwa yamemzuia kusimama, na tarehe 22 ya mwezi ule ule akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 76. Iommi alipiga akiwa na vifuniko vyake vidoleni, miaka 60 tangu ile siku ya kiwandani.

Kwenu vijana mtakaoingia kazini, hasa ninyi wa karakana, nina neno moja. Mashine isiyo na kinga msiiguse, hata aliye juu yenu akisema kazi iende haraka. Kisa cha Iommi hakimaanishi kwamba ajali ni baraka. Angekuwa na ncha zake za vidole, naamini angezipenda.

Na kwenu ninyi watatu wa bendi: nawaomba radhi. Mlipungukiwa na mtu, mkapanda jukwaani hata hivyo, mkapiga vizuri, nami nikawakatisha. Nimemtumia mwalimu wenu seti tatu za nyuzi za gitaa na moja ya besi. Nimemwomba Mhariri afikishe kwa kamati ombi langu kwamba katika mkutano ujao mpewe nafasi ya vipande vyote vinne, na mapema, kabla watu hawajashiba wakaanza kelele.

Mimi mwenyewe nimenunua gitaa kuukuu. Nimelifunga nyuzi nyembamba na kuzilegeza, na kidole cha pete nimekivika kipande cha ngozi nilichokikata kwenye mkoba mbovu. Bado kinauma. Hadi sasa ninaweza vibwagizo viwili, na cha pili mke wangu anasema hakijakaa sawa. Nitakuwa meza ya mbele.

Wenu katika shule yetu,
Mwanafunzi wa Zamani, 1981–1984